Nitumie Kosa Moja, Baba

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa tatu

Baba,

Shikamoo. Leo nimekuja na shida, kwa hiyo salamu za nyumba nzima nitazimalizia chini kama karatasi itabaki.

Kazini wanatafuta meneja wa timu yetu, yaani mtu wa kutusimamia sisi waandishi wa programu za kompyuta, na nikipewa mimi nitabaki na watu kumi na mmoja chini yangu. Usaili ni tarehe 29. Mwaka jana nafasi kama hii ilitokea kwenye timu ya jirani, nikaomba, wakanikataa. Safari hii wakinikataa wataleta mtu wa nje, na mimi na miaka yangu tisa pale nitakaa chini yake nikimwonyesha choo kiko wapi.

Niliwauliza mwaka jana nilianguka wapi. Wakaniambia jambo moja tu, kwamba walipotaka niwaeleze kosa langu katika kuongoza watu, sikuwa nalo. Sasa nimeanza kujiandaa. Nina daftari, nimeandika mifano ya kila namna. Ulio mzuri kuliko yote ni wa dada mmoja tuliyekuwa naye, tulikuwa tunamwita Taratibu kwa vile alivyofanya kazi bila haraka. Nilipokaimu usimamizi miezi mitatu, sehemu yake ilikuwa na makosa na siku za kukabidhi zimekaribia. Sikugombana na mtu. Nilijifungia siku nne nikaiandika yote upya mwenyewe, tukakabidhi kwa wakati. Lakini hilo si kosa, ni ushindi. Ukurasa wa makosa bado mweupe.

Wewe umesimamia watu kiwandani miaka thelathini na moja. Nitumie kosa moja, baba. Jambo uliloamua vibaya, halafu ukalirekebisha. Nataka tu kuona linavyosimuliwa. Ningekupigia simu, ila sikio lako la kushoto halisikii na la kulia ni kaidi, kwa hiyo niandikie.

Karatasi imebaki kidogo. Msalimie shangazi.

Binti yako


Jumapili, tarehe 7 mwezi wa tatu

Mwanangu,

Barua imefika na nimeisoma mwenyewe bila kusomewa, mwambie yeyote anayesema baba yako hajui kusoma. Shule nilikaa miaka miwili tu lakini ile miwili niliikamua. Sote wazima. Shangazi yako yuko hapa pembeni anachambua mboga na kunichungulia, anasema naandika kama mtu anayechimba msingi wa nyumba. Nimemwambia nyumba huanzia hapo.

Sasa nieleze vizuri maana nimezunguka nimerudi palepale. Hao watu wanataka kumpa mtu ukubwa, halafu wanamwuliza aliharibu wapi? Sisi mtu tulimpandisha kwa alichoweza. Shangazi yako anasema labda wanataka kujua kama mtu ni mkweli. Nikamwuliza, huyo mkweli akishasema ameharibu, watampa tanuri lao? Akarudi kwenye mboga zake. Na hao watu kumi na mmoja wanatengeneza kitu gani hasa? Umenieleza mara nyingi na mimi nakuitikia, lakini leo nasema wazi, sijaelewa hata mara moja. Kitu hakishikwi, hakina uzito, kikivunjika hakitoi mlio. Unajuaje kama mtu amefanya kazi au ametazama kioo tu?

Kosa sina. Nimelitafuta siku mbili, nimelitafuta mpaka bafuni. Sina. Kiwanda cha vigae kizima kinajua. Nilikuwa na watu arobaini na wawili na matanuri matatu, na pale langoni palikuwa na ubao mweusi. Aliyeharibu kazi jina lake liliandikwa kwa chaki, likakaa wiki nzima, kila anayeingia analisoma. Ukiandikwa mara tatu katika mwaka unafunga virago. Miaka thelathini na moja, jina langu halikupanda kwenye ule ubao hata siku moja. Uliza popote.

Mfano wa uongozi ninao, uandike kwenye daftari lako. Mwaka ule wa mnunuzi mkubwa, tanuri la pili lilipasua vigae elfu tisa kwa mpigo. Elfu tisa, mama. Watu wakashika tama. Mimi sikushika tama. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshamwandika mtia moto, yule tuliyemwita Mpole, na ilikuwa mara yake ya tatu, na jioni akatoka na kikapu chake. Toka siku hiyo hakuna aliyenijibu jeuri. Huo ndio ukubwa. Waambie hivyo huku umekaa wima.

Na hilo lako la siku nne ni zuri sana, limenipendeza. Hilo umelitoa kwangu.

Baba yako,
Mkuu wa Tanuri


Ijumaa, tarehe 12 mwezi wa tatu

Baba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimepokea habari mbaya.

Nijibu la kwanza. Mtu akinunua tiketi ya basi kwa simu, kuna maelekezo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta yanayosema kiti kipi ni cha nani. Sisi ndio tunaoyaandika. Tukikosea, watu wawili wanauziwa kiti kimoja. Kwa hiyo mlio upo, baba, ila hautoki kwenye mashine, unatoka kwa hao watu wawili.

La pili. Sisi ubao hatuna. Mfumo ukizimika tunakaa pamoja tunaandika ripoti, na kwenye ripoti ile haturuhusiwi kuweka jina la mtu. Tunauliza kwa nini, tukipata jibu tunaliuliza na hilo jibu kwa nini, mpaka tumpite mtu tufike kwenye namna kazi ilivyopangwa. Siku ya usaili watanipa tukio moja nilipitie hivyo mbele yao. Nimeona nijipime kwa vigae vyako elfu tisa. Usikasirike, ni zoezi.

Ulinifundisha nikiwa mdogo kwamba kigae hupasuka tanuri likifunguliwa kabla halijapoa. Basi, kwa nini lilifunguliwa kabla halijapoa? Lilifungwa siku gani, likafunguliwa siku gani? Je, mtia moto alikuwa na ruhusa ya kufungua bila kuambiwa? Na la mwisho, nauliza ili nimalize zoezi tu: chaki ya ule ubao ilikuwa inakaa kwa nani?

Nijibu mapema. Na kosa bado nalingojea, baba. Nimejaribu kuandika la kwangu nikaishia kuandika kwamba huwa nafanya kazi kupita kiasi. Mwenzangu aliposoma akaniuliza hilo ni kosa au ni barua ya kuomba nyongeza.

Binti yako


Jumanne, tarehe 16 mwezi wa tatu

Mwanangu,

Maswali gani haya. Nimekuletea mfano mzuri wewe umeugeuza kesi.

Nakujibu kwa sababu umeniomba. Vigae vilipasuka kwa sababu tanuri lilifunguliwa likiwa na moto wake. Tulilifunga Jumatatu, likafunguliwa Alhamisi, na haki yake ilikuwa Ijumaa. Mtia moto hafungui bila ruhusa. Hakuna aliyefungua kitu bila ruhusa, kile hakikuwa kiwanda cha mchezo. Chaki ilikuwa kwangu, mfuko wa shati. Ulitaka ikae kwa nani, kwa mlinzi?

Na ripoti isiyo na jina sijaielewa na sidhani nitaielewa. Vigae elfu tisa havijipasui. Kama hakuna jina, watu wanaogopa nini? Na kama hawaogopi, wanaamkia nini asubuhi? Nimemwuliza shangazi yako, akasema yeye huamka ili anywe chai. Nyumba hii hakuna wa kuongea naye.

Sasa na mimi nina swali, tusiulizane upande mmoja. Huyo Taratibu. Siku nne umejifungia unafanya kazi yake. Yeye siku hizo nne alikuwa wapi? Mimi mtu wangu akikaa siku nne hana kazi, lazima nijue ameketi wapi na anatazama nini. Wewe ulikuwa msimamizi na hukuandika.

Mkono umechoka. Shangazi yako anauliza mbona nimekunja uso. Nimemwambia ni kalamu.

Mkuu wa Tanuri


Jumamosi, tarehe 20 mwezi wa tatu

Baba, shikamoo.

Swali lako nimekaa nalo toka barua ilipofika, na sipati pa kulitua.

Alikuwa meza ya pili kutoka yangu. Siku zote nne alikuja kwa wakati, alinisalimia, alifungua kompyuta yake. Kazi yetu, baba, kila mabadiliko mtu anayofanya yanaonekana kwa wenzake wote. Kila mstari wake niliofuta, aliuona ukifutwa. Kwa hiyo siku nne alikuwa ameketi pale akitazama kazi yake ya wiki sita ikiondoka kidogo kidogo, na mimi kujifungia kwangu kulikuwa ni kuvaa visikilizio vya masikioni ili nisisumbuliwe. Hakuniuliza kitu. Mimi sikumwambia kitu. Nilijiambia namwepusha na aibu. Baada ya miezi miwili aliacha kazi. Tulimnunulia keki, nikakata mimi.

Nikakumbuka na jambo jingine. Mwaka jana kwenye usaili niliwasimulia habari hii hii ya siku nne, nikiwa nimekaa wima kama unavyonifundisha. Wote watatu wakainama wakaandika. Nilitoka nikijipigia makofi moyoni. Nilidhani nimewagusa.

Sasa sijui. Labda mfano wangu mzuri ndio kosa langu. Au labda nalifanya kuwa kosa kwa sababu nahitaji kosa kabla ya tarehe 29, na nisingelihitaji ningeendelea kulisimulia kama ushindi mpaka nazeeka. Nashindwa kujua kama najuta au najiandaa. Nikiandika kwenye daftari maneno yanakuja mazuri mno, na uzuri wake ndio unaonitia wasiwasi.

Zoezi la tanuri nimeliacha. Sikuulizi tena.

Binti yako


Alhamisi, tarehe 25 mwezi wa tatu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikaiweka juu ya kabati, nikaishusha, nikairudisha. Umesema huniulizi tena. Hapo ndipo uliponikosesha raha. Ungeuliza ningekataa, mambo yakaisha.

Tanuri nililifungua mimi.

Wakubwa walileta ujumbe kwamba mnunuzi anafika Alhamisi, si Jumamosi. Nikasema watavikuta vigae vimepangwa uani vinang'aa. Mpole akanifuata, akanambia kwa ile sauti yake ya chini, "Mkuu, bado linapumua." Maneno hayo tu. Nikamwambia wa kunifundisha kazi ya moto hajazaliwa. Mlango wa tanuri ulikuwa unazibwa kwa matofali na udongo, tofali la kwanza nikalitoa kwa mkono wangu, likaniunguza na kovu ninalo, wewe ulikuwa unaliuliza ukiwa mdogo nikasema ni la vita. Hewa ya asubuhi ikaingia ndani. Kisha tukasikia ti, ti, ti, kama mvua inaanza juu ya bati. Ikaendelea mpaka ikakoma yenyewe.

Nikaenda langoni. Naapa sikwenda na nia. Nilikwenda kwa sababu kitu kimeharibika na mimi kazi yangu kitu kikiharibika ni kwenda langoni. Chaki ilikuwa mkononi. Nikaandika.

Kinachonichanganya si hicho. Kinachonichanganya ni kwamba habari hii nimeisimulia miaka ishirini na miwili, kwa watu, kwako, kwa shangazi yako, na wakati naisimulia nilikuwa naiamini. Juzi uliponiuliza lilifunguliwa siku gani, nilijibu Alhamisi haraka, na mkono ulikuwa umeshaandika ndipo nikashangaa, mbona naijua vizuri hivi siku yenyewe. Sijui nilianza kuiamini mwaka gani.

Mpole yupo. Ana banda la kunoa visu mitaa miwili kutoka hapa. Mimi nikienda dukani huzunguka kwa nyuma ya shule, na shangazi yako nilimwambia ni mazoezi ya mguu.

Haya, umepata kosa. Lichukue uende nalo, ila sema ni la mzee mmoja unayemfahamu. Ulitaka lililorekebishwa, na hili halijarekebishwa, kwa hiyo sijui kama litakufaa.

Baba yako


Jumanne, tarehe 30 mwezi wa tatu

Baba,

Kosa lako sikulitumia. Lilinifikia asubuhi ile ile ya usaili, nikalisoma nimesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, nikalikunja nikaliacha nyumbani. Ni lako.

Walikuwa watatu: mkuu wa idara, mhandisi mmoja mwenye mvi, na mama wa utumishi. Tukio walilonipa nililipitia vizuri, kwa nini baada ya kwa nini, mpaka yule mwenye mvi akasema basi inatosha. Kisha wakafika kwenye kosa. Nikawaambia habari ya Taratibu, si ile ya mwaka jana, hii ya meza ya pili. Nikawaambia kuhusu visikilizio. Nikawaambia kuhusu keki. Safari hii hawakuinama kuandika, waliniangalia, na mama wa utumishi akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwake.

Halafu akaniuliza, "Na yeye mwenyewe umeshamwambia haya?"

Nikasema ndiyo.

Sijui lilitoka wapi. Sikulipanga, halikuwa kwenye daftari. Lilikuwa limeshatoka kabla sijamaliza kulisikia swali. Akasema vizuri sana, akatabasamu, ndipo akaandika. Wote wakaandika. Nafikiri kazi nimeipata, baba, na nafikiri nimeipata kwa neno hilo moja.

Jibu ni Ijumaa ya tarehe 9. Toka jana najiambia nitakwenda kwa Taratibu kabla ya hapo, nimwambie, ile "ndiyo" yangu iwe ya kweli kwa kuchelewa kidogo. Halafu najiuliza, nikienda sasa naenda kwa ajili yake au naenda kulipaka rangi lile neno? Na nikiwafuata wale watatu nikasema nilidanganya, nimefuta mwezi mzima wa kujiandaa kwa sentensi moja. Wewe ungefanya nini? Usinijibu ungeandika jina langu ubaoni.

Binti yako


Jumapili, tarehe 4 mwezi wa nne

Mwanangu,

Barua yako imenikuta nimetoka kufanya jambo, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Ijumaa nilikwenda kwa Mpole. Sikuzunguka shule. Nilibeba kisu cha jikoni ili nionekane nina shughuli, na shangazi yako akapiga kelele kwamba kisu kile kilinolewa wiki iliyopita. Mpole akakipokea, akakipitisha kidoleni, akasema hiki ni kikali, Mkuu, umekuja kwa lipi. Nikamwambia. Nilisema haraka haraka kama mtu anayemeza dawa. Alinisikiliza huku jiwe lake linazunguka bila kitu. Nilipomaliza akanambia, "Uliniandika mbele ya watu arobaini. Leo unaniambia mimi peke yangu?" Akanirudishia kisu.

Basi jana, Jumamosi, nikaenda kwa kinyozi, maana wazee wa kiwanda tuliobaki tunakutana pale kwenye lile benchi, tuko saba pamoja nami. Mpole huwa hafiki, jana alifika akasimama mlangoni. Nikasema yote. Tofali, mnunuzi, chaki. Nikamaliza nikangoja wanirukie. Wakaangaliana. Yule aliyekuwa anabeba udongo, mwenye jicho moja, akasema, "Mkuu, sisi tulijua siku ile ile. Tulikuwa uani, tulikuona ukitoa tofali."

Nikawauliza mbona hamkusema. Akanambia chaki ilikuwa kwako. Kisha akamwambia kinyozi asimpunguze sana pale mbele, na mazungumzo yakahamia kwenye nywele.

Mpole hakunipa mkono wala hakuninyima. Alingoja kidogo, akaondoka.

Sasa nisaidie wewe msomi. Miaka ile yote asubuhi napita langoni watu arobaini na wawili wananiitikia shikamoo Mkuu, na wote wanajua. Na hata baada ya kiwanda kufungwa, nimekaa kwenye lile benchi miaka nikiwasimulia vigae elfu tisa na nilivyokuwa imara, nao wanaitikia kwa kichwa, wananiongezea chai. Walikuwa wanamheshimu nani? Nimemwuliza shangazi yako, naye akasema maneno ambayo sitayaandika, lakini kwa ufupi na yeye alijua.

Umeniuliza ningefanya nini. Mimi ningekaa kimya, na nimeshakaa, miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo ushauri sina, ila nakuambia nilichokiona jana. Umesema kazi yenu kila mtu anaona anachofanya mwenzake. Basi hao kumi na mmoja waliiona mistari ikifutwa. Wanajua, na kesho wakisikia ulisema umemwambia, watajua na hilo. Hawatakuambia. Watakuitikia tu.

Nenda kwa huyo mama wa utumishi kabla ya Ijumaa. Wakikunyima nitawasema vibaya mpaka nife, maana hakuna mwenye akili kama yako katika jengo lile lote, na hilo umelitoa kwangu. Lakini nenda.

Baba yako


Jumapili, tarehe 11 mwezi wa nne

Baba, shikamoo.

Nilikwenda Alhamisi asubuhi. Mama wa utumishi alikuwa na kikombe mkononi, nikamwambia nimesimama, kwamba swali lake la mwisho nililijibu uongo. Aliweka kikombe chini. Hakunisema, hakunisifu. Aliuliza kama kuna jingine, nikasema hapana, akanishukuru kwa kuja. Nilitoka sijui kama nimejenga au nimebomoa.

Ijumaa saa nane wakatangaza. Wamemchukua mtu wa nje, anaanza mwezi ujao. Sijui kama ni kwa sababu ya uongo, au ya ukweli, au alikuwa amenizidi tu toka mwanzo. Nimeuliza. Wamesema alikuwa amejiandaa vizuri. Nililia chooni kidogo, kisha nikarudi mezani kumalizia kazi ya watu wa tiketi.

Jana nikapanda basi nikaenda kwa Taratibu. Sikuwa na cha kupata tena huko, kwa hiyo sikujiuliza tena naenda kwa ajili ya nani. Siku hizi anafanyia kazi nyumbani, ana meza ndogo dirishani na watoto wawili wanaogombana chini yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Aliponifungulia mlango nikaanza, nikasema habari ya siku nne na kwamba nilipaswa kuvuta kiti nikae naye. Akanisikiliza mpaka mwisho. Sura yake haikubadilika, na nilidhani ataniambia niende.

Akasema, "Ilikuwa na kosa gani?"

Sikuelewa. Akasema, "Kazi yangu, uliyoifuta. Mwaka mzima na nusu nimejiuliza ilikuwa na kosa gani, hakuna aliyewahi kuniambia."

Baba, hicho tu ndicho alichokuwa anataka. Alikuwa na nakala yake. Akaondoa vikombe mezani, akaifungua, akavuta kiti cha pili, tukaanza juu kabisa, mstari wa kwanza. Nilimwonyesha nilichokiona nikakiogopa, naye akawa anauliza kwa nini, na nikimjibu anauliza tena kwa nini, bila haraka, kama tulivyokuwa tukimcheka. Watoto walikula, wakalala mchana, wakaamka. Mahali pengi nilikuwa sahihi na alikubali bila kinyongo, akaandika pembeni.

Tulipofika mstari wa mia nne na kumi akaweka kidole kwenye kioo, akasema, "Hapa nilikuwa sahihi mimi."

Nikasema hapana. Nikausoma. Nikausoma tena.

Alikuwa sahihi, baba.

Binti yako